Ishara isiyeyukie njiani: mwongozo wa kuipa NMR nguvu kwa parahaidrojeni

Mama anayenunua changu Msangamkuu na kuwapeleka Masasi hana shida ya kupata samaki. Shida yake ni barafu. Akikawia kwenye kivuko, akikawia stendi, akifungua boksi kwa kila anayeuliza bei, anafika na maji ya chumvi. Naanza na mama huyu kwa sababu karibu kila kijana niliyemwelekeza kazi hii amehangaika wiki nzima kutengeneza ishara kubwa, halafu akaiacha iyeyuke ndani ya sekunde kumi, kati ya mkono wake na mashine.

Kazi yenyewe inaitwa haipapolaraizesheni. Mashine ya NMR ya wakemia na MRI ya hospitali zote zinasikiliza viini vya atomi vilivyowekwa ndani ya uga wa sumaku. Kila kiini ni kisumaku kidogo, na kinaelekea upande wa uga au kinyume chake. Mashine haisikii viini vyote. Inasikia ile ziada tu ya upande mmoja juu ya mwingine. Ziada hiyo ukiigawanya kwa idadi ya viini vyote unapata polaraizesheni, na kwa kawaida ni ndogo kiasi cha kukatisha tamaa. Kuipandisha kwa hila, mara mamia au maelfu, ndiyo habari ya ukurasa huu.

Nafundisha sayansi Mtwara. Kazi hii niliifanya nikiwa masomoni nje, na hapa naieleza njia moja tu, iitwayo SABRE, kwa spektromita ndogo ya mezani, yaani mashine ya NMR, yenye sumaku ya tesla 1.4 (tesla ni kipimo cha nguvu ya uga wa sumaku). Wewe unayetoka kusini ukaenda kusomea kemia au fizikia mahali palipo na mashine hiyo, chukua. Kifaa kimoja muhimu unaweza kukisuka huku huku kabla hujasafiri.

Hatua ya 1: ujue umaskini wako kwa tarakimu

Kilo moja ya korosho ghafi ina punje kama 200. Kwa hiyo punje milioni moja ni tani 5, lori dogo limejaa. Chukulia kila punje ni protoni, yaani kiini cha atomi ya haidrojeni. Ndani ya sumaku ya tesla 1.4, kwa joto la chumba, upande mmoja unauzidi mwingine kwa punje 5 hivi katika lori zima. Hizo tano ndizo mashine inazozisikia. Nyingine zote zinafutana.

Shika kanuni hii kichwani: kwa protoni, ziada ni kama 3.4 katika milioni kwa kila tesla 1. MRI ya tesla 3 inapata 10. Sumaku kubwa ya maabara, tesla 9.4, inapata 32. Kaboni-13 ina hali mbaya zaidi, maana usumaku wake ni robo ya ule wa protoni, na katika kaboni ya kawaida iko asilimia 1.1 tu.

Dawa ya zamani ni kurudia kipimo mara nyingi na kujumlisha. Lakini ishara ikilinganishwa na kelele hukua kwa kipeuo cha pili cha idadi ya marudio. Ukitaka mara 100, rudia mara 10,000. Ukisubiri sekunde 15 kila mara, hiyo ni karibu siku mbili usiku na mchana, na umeme usikatike. Mara 1,000 usiiwazie.

Hatua ya 2: chagua njia

Ziko njia kadhaa, na kubwa mbili nazipita haraka kwa sababu si za mfuko wetu. Ya kwanza huazima usumaku wa elektroni, ambao ni mara 658 ya ule wa protoni. Albert Overhauser alitoa wazo hilo mwaka 1953. Mwaka 2003 ikaonyeshwa kwamba unaweza kugandisha sampuli hadi karibu kelvini 1, kuipiga kwa mawimbi ya maikro, kisha kuiyeyusha ghafla na kupata ishara zaidi ya mara 10,000. Ndiyo njia iliyopeleka piruveti yenye kaboni-13 hadi kwa wagonjwa wa saratani ya tezi dume, matokeo yakachapishwa 2013. Inataka heliamu ya kimiminika. (Ndiyo, Rukwa imegunduliwa heliamu. Kutoka gesi iliyo chini ya ardhi hadi kimiminika kwenye tangi lako ni safari nyingine.) Ya pili hutumia leza na mvuke wa rubidiamu kuipa polaraizesheni gesi ya zenoni-129, ambayo mgonjwa huivuta ili mapafu yake yaonekane kwenye MRI. Marekani iliidhinisha matumizi hayo Desemba 2022.

SABRE ilitoka Chuo Kikuu cha York, Uingereza, mwaka 2009. Inatumia parahaidrojeni, yaani gesi ya haidrojeni ambayo spini (ule usumaku mdogo) za viini vyake viwili zimefungana kinyume, moja ikiifuta nyingine. Gesi hiyo yenyewe ni bubu, mashine haiisikii, lakini ndani yake kuna utaratibu mkubwa. Kichocheo cha iridiamu kinaikamata, na wakati huo huo kinaikamata molekuli unayotaka kuipima. Wakiwa wamekaa pamoja kwa muda mfupi, utaratibu unahamia kwa molekuli yako, kisha inaachiliwa ikiwa haijabadilika chochote kikemia. Ni kama mgeni aliyepita ngomani akaondoka na mdundo miguuni.

Si kila molekuli inakubali. Inayokubali kwa urahisi ni ile yenye naitrojeni inayoweza kuishika iridiamu: piridini, nikotinamaidi ambayo ni vitamini B3, hata isoniazidi na pirazinamaidi, dawa za kifua kikuu. Kila nikieleza hili huku kwetu kuna mtu lazima aulize kuhusu mafuta ya maganda ya korosho. Jibu langu ni hapana, si moja kwa moja: asidi ya anakadi, iliyo sehemu kubwa ya mafuta hayo, haina naitrojeni. Kuna njia ya kupitisha polaraizesheni kwa mkono wa tatu, kwa kutumia amini, lakini hiyo si ya mwanafunzi wa wiki ya kwanza. Anza na piridini. Inanuka vibaya, basi fanyia kazi kwenye kabati la kufyonza hewa.

Hatua ya 3: suka koili

Hapa ndipo pesa kidogo hufanya kazi kubwa. Ule uhamisho kwenye iridiamu haufanyiki vizuri kwenye uga wowote. Kwa protoni za piridini, mahali pazuri ni karibu militesla 6.5. Uga wa dunia ni mdogo mno, kati ya maikrotesla 25 na 65. Uga wa ndani ya spektromita ni mkubwa mno. Wenye sumaku kubwa za maabara husimama pembeni yake na kutafuta mahali panapofaa kwenye uga unaovuja, lakini mashine ya mezani haivujishi vya kutosha. Kwa hiyo tengeneza uga wako.

Nenda kwa fundi anayesuka mota za pampu na feni. Omba waya wa shaba wenye vanishi, unene wa milimita 0.8. Utahitaji kama robo tatu ya kilo. Chukua bomba la plastiki la maji la inchi 2, pima sentimita 20, suka tabaka nne kamili bila kuacha nafasi, mizunguko kama 920 kwa jumla. Fundi wangu aliniangalia akauliza, "Mwalimu, hii mota yake iko wapi?" Nikamwambia, "Fundi, hii haizunguki." Akanipunguzia bei, nadhani kwa kunihurumia.

Hesabu yake ni hii. Uga wa katikati, kwa maikrotesla, ni 1.257 mara idadi ya mizunguko kwa mita, mara ampia. Mizunguko 920 kwenye sentimita 20 ni 4,600 kwa mita. Koili fupi hupoteza kidogo kwenye ncha, hii itapoteza kama asilimia 4. Ukipitisha ampia 1.17 utapata militesla 6.5. Ukinzani wa waya wote ni kama omu 6, kwa hiyo volti 7 zinatosha.

Usikubali ushauri wa kuunganisha betri ya bodaboda na kuiacha hivyo. Koili inatoa joto la wati 8. Shaba ikipata joto la nyuzi 25 zaidi, ukinzani unapanda kama asilimia 10, na uga unashuka kwa kiasi hicho hicho bila wewe kujua. Tumia kisambaza umeme kinachoshikilia ampia, si volti. Na koili iwe juu ya meza ya mbao. Washa programu ya dira kwenye simu, ile inayosoma maikrotesla, uipitishe juu ya meza kabla ya kuwasha koili. Tarakimu zikiruka, kuna chuma chini yake.

Hatua ya 4: tengeneza parahaidrojeni

Haidrojeni ya kawaida kwenye joto la chumba ina robo tu ya para. Ukiipoza ikiwa imegusana na kichocheo, sehemu hiyo inapanda: kwenye naitrojeni ya kimiminika, kelvini 77, inafika karibu nusu. Kwenye kelvini 20 inakuwa karibu yote. Usidhani nusu inakupa nusu ya faida. Ile robo ya mwanzo haina faida yoyote, kwa hiyo asilimia 50 inakupa theluthi moja ya ambacho ungepata kwa gesi safi. Kwa kuanzia, theluthi inatosha kabisa.

Kifaa ni bomba jembamba la shaba lililokunjwa, ndani limejazwa oksidi ya chuma au mkaa ulioamilishwa wa maabara (si wa jikoni), likazamishwa kwenye chupa kubwa ya baridi yenye naitrojeni. Naitrojeni hiyo ndiyo ile ile wanayobeba wataalamu wa uhimilishaji wa ng'ombe kwenye matangi yao. Gesi ikishatoka kwenye kichocheo na kurudi kwenye joto, inabaki para kwa muda mrefu, hata siku kadhaa, ilimradi chombo ni kisafi na hakina chuma cha kuigeuza.

Nasimama hapa kwa usalama. Haidrojeni huwaka ikiwa hewani kuanzia asilimia 4 hadi 75, na moto wake mchana karibu hauonekani. Pima uvujaji wa viungo vyote kwa povu la sabuni, ukitumia gesi isiyowaka kwanza. Naitrojeni ya kimiminika ikigeuka gesi hutanuka karibu mara 700 na kuifukuza hewa unayovuta. Kwa joto letu la pwani kila mtu anataka madirisha yafungwe ili AC ifanye kazi. Fungua madirisha, utoke jasho. Na kitu chochote kilicho wazi ukikizamisha kwenye naitrojeni hiyo muda mrefu kinaweza kukusanya oksijeni ya kimiminika kutoka hewani, maana oksijeni hugeuka kimiminika kabla ya naitrojeni. Ukiona majimaji ya samawati ndani ya tyubu, usiizibe, usiisogeze karibu na methanoli, mwite msimamizi.

Hatua ya 5: andaa sampuli

Kwa mililita 0.6 ya methanoli yenye deuteriamu (haidrojeni nzito), weka kama miligramu 2 za kichocheo cha iridiamu na maikrolita 2.4 za piridini. Hiyo ni milimola 5 za kichocheo kwa lita na milimola 50 za piridini. Tumia tyubu ya kioo yenye vali, inayovumilia shinikizo. Pima kichocheo haraka na ufunge chupa ya methanoli mara moja, kwani unyevu wa pwani huingia humo kama unavyoingia kwenye chumvi ya mezani.

Oksijeni ni adui. Ina usumaku wake, na inafupisha uhai wa ishara. Igandishe sampuli kwenye naitrojeni huku vali imefungwa, ivute hewa kwa pampu, funga, yeyusha, rudia mara tatu. Kisha jaza parahaidrojeni kwa bar 3 juu ya hewa ya kawaida. Hiyo inazidi tairi la gari dogo, na tyubu ni ya kioo, hivyo vaa miwani ya kazi.

Tikisa, subiri, badilisha gesi, tikisa tena. Rangi ya manjano inafifia taratibu. Hiyo ni iridiamu inayoamka. Inaweza kuchukua dakika kadhaa hadi nusu saa. Ukianza kupima kabla haijafifia utasema njia ni mbovu.

Hatua ya 6: tikisa, tia, piga

Sasa rudi kwa mama wa samaki. Barafu yake hapa inaitwa T1, muda ambao ishara hupungua hadi asilimia 37. Tuseme T1 ya protoni zako ni sekunde 10. Ukitumia sekunde 5 njiani umebaki na asilimia 61. Sekunde 10, asilimia 37. Sekunde 20, asilimia 14. Hakuna kichocheo utakachonunua kitakachokurudishia hasara hiyo. Mtu anayepunguza sekunde 5 njiani amepata faida kubwa kuliko anayetafuta gesi safi kwa miezi.

Kwa hiyo fanya mazoezi na tyubu ya maji kabla. Koili iwe karibu na mdomo wa mashine, hatua zisizidi mbili. Programu ya kipimo iwe imeshawekwa, kidole cha mwenzako kiwe juu ya kitufe. Usifanye peke yako siku ya kwanza. Shika tyubu kwa kichwa, mkono ukiwa nje ya koili, kimiminika kikiwa katikati yake. Tikisa kwa nguvu kwa sekunde 10 bila kutoka katikati. Futa nje ya tyubu kama ina umande, itie kwenye mashine, sema "piga". Mwenzako aandike muda kuanzia ulipoacha kutikisa. Nilikuwa na mwenzangu aliyehesabu kwa mdomo, "moja, mbili, tatu", na hesabu yake ilikwenda haraka kila alipochoka. Tumia saa ya simu.

Kila mara kabla ya kurudia, toa gesi iliyotumika na ujaze mpya. Para iliyomo inachakaa kwa kutumika. Sampuli yenyewe unaweza kuirudia mara nyingi, na huo ndio uzuri wa njia hii.

Joto la chumba pia lina neno, kwani linabadilisha kasi ya piridini kushikwa na kuachiwa. Kipimo cha asubuhi na cha saa nane mchana havitalingana. Andika nyuzijoto kila mara.

Hatua ya 7: usifungue boksi ovyo

Ishara ya kawaida ukiitumia hujirudia yenyewe baada ya muda. Hii hairudi. Pigo ni mawimbi ya redio ya muda mfupi sana ambayo mashine huyatumia kuvigeuza viini ili ivisikie, na digrii ni kiasi cha kuvigeuza. Pigo la digrii 90 linaimaliza yote. Kama unataka picha moja tu, piga 90 na uridhike. Kama unataka kufuatilia jambo linavyobadilika, tumia mapigo madogo: la digrii 10 hukupa asilimia 17 ya ishara na kukuachia zaidi ya 98. Ukitaka mapigo matatu yenye ishara sawa, piga 35, kisha 45, kisha 90, ukiacha hesabu ya T1 pembeni.

Punguza pia usikivu wa kipokezi kabla. Kipokezi kilichowekwa kwa ajili ya ishara dhaifu kikipigwa na hii kinajaa, na kilele, yaani ule mwinuko wa ishara kwenye mchoro wa mashine, kinachorwa na miguu ya ajabu pembeni.

Hatua ya 8: pima faida bila kujidanganya

Acha sampuli ile ile ndani ya mashine mpaka ipoe kisumaku, yaani isahau kila kitu. Kisha ipime kawaida: usikivu ule ule, pigo lile lile, ukisubiri mara tano ya T1 kati ya vipimo. Kwa milimola 50 kwenye mashine ya mezani huenda usione kitu kwa kipimo kimoja. Rudia mara 64 na ugawanye jumla kwa 64, kazi ya karibu saa nzima. Au tumia piridini tupu, ambayo ina mola 12.4 kwa lita, yaani mara 248 ya sampuli yako, kisha ugawanye.

Gawanya eneo la kilele cha SABRE kwa eneo la kilele cha kawaida. Tuseme umepata 1,500. Usikimbie kutangaza. Namba hiyo peke yake haina maana mpaka useme ni kwenye sumaku gani. Kwenye tesla 1.4, 1,500 mara 4.8 katika milioni ni polaraizesheni ya asilimia 0.7. Kwenye tesla 9.4, 1,500 hiyo hiyo ni karibu asilimia 5, mafanikio ya ngazi nyingine kabisa. Kadiri sumaku yako ilivyo dhaifu ndivyo "mara ngapi" inavyopendeza kwenye bango, kwa sababu umejilinganisha na maskini zaidi. Mimi simwamini mtu anayenipa mara ngapi bila kunipa asilimia.

Ukikwama

Kama huoni ongezeko lolote, kwanza angalia rangi, iridiamu imeamka? Pili, washa koili, pima ampia kwa mita, usiamini kitufe. Tatu, gesi imekaa siku ngapi? Ongezeko likija na kupotea kutoka kipimo hadi kipimo, mara nyingi ni mkono: mtikiso dhaifu, au tyubu imetoka katikati ya koili. Vilele vikiwa vinene kuliko kawaida, kuna mapovu kwenye kimiminika bado, ipe sekunde moja itulie, na ukubali gharama yake.

Na kuna jambo litakalokushtua siku ya kwanza: vilele vya piridini mara nyingi vitaelekea chini badala ya juu. Nilipoviona nilidhani nimekosea kuunganisha waya wa koili, nikaifumua nusu yake. Sikuwa nimekosea. Polaraizesheni ya SABRE hutoka na alama yake ya jumlisha au kutoa, tofauti na ile ya kawaida. Usivipindue kwa programu ili vipendeze. Viache chini, uandike pembeni ampia, sekunde na nyuzijoto, kisha ujaze gesi upya.